Mpishi Wetu Ana Mkia

Kitendawili: mpishi wetu ana mkia. Usijibu kwanza, nisikilize.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, huwapikia chai maseremala wa karakana ya jirani. Zamani alipikia mkaa. Kifua kikambana, hata daktari akamwambia, "Moshi basi, mama." Ndipo tukajenga mtambo wa biogesi nyuma ya zizi. Kila asubuhi kinyesi cha ng'ombe na maji huingia shimoni. Gesi hupita bombani mpaka jikoni.

Siku moja moto ukaanza kusinzia. Baadaye ukazimika kabisa.

Mwanangu akashika koleo. "Nalifukia shimo hili. Turudi kwenye mkaa."

"Fukia, na mimi unifukie humo humo," mkewe akamjibu. "Kwenye moshi sirudi."

"Basi, tununue jiko la mafuta ya taa."

Mkwe akatoka. Alimfuata shoga yake, fundi aliyetujengea mtambo. Fundi akaja, akafunua mfuniko, akanusa.

"Mnatia nini humu?"

"Kinyesi na maji niliyooshea zizi," mkwe akasema kwa fahari. "Nalisugua kwa sabuni, linang'aa kama sahani."

Fundi akacheka. "Shoga, umewaua wafanyakazi wako. Humu mna vijidudu vinavyotengeneza gesi. Sabuni huviua."

"Mafuta ya taa hayana makuu hayo," mwanangu akanung'unika.

"Kweli, shemeji. Lakini mafuta yalikaa ardhini miaka na miaka mpaka yakawa mafuta. Ukiyachoma, ndiyo basi, na huwezi kungoja mengine. Mti wa mkaa nao hukatwa asubuhi moja, ila kukua tena huchukua miaka. Je, ng'ombe wako alikunyima kinyesi lini?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. "Hata leo hajaninyima."

"Hiyo ndiyo nishati jadidifu. Unaitumia leo, kesho inakuja tena, kama jua na upepo."

Mkwe akaacha kumwaga maji ya sabuni shimoni. Fundi akatuletea ndoo za tope kutoka mtambo wake, liwe chachu ya kuanzia. Tukalisha shimo kinyesi kibichi na maji safi, tukasubiri. Mwanangu mwenyewe alibeba ndoo.

Asubuhi moja mkwe akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukasimama imara, na sufuria ikaanza kuimba.

Maseremala walipokuja, mwanangu akawategea: "Mpishi wetu ana mkia."

"Paka," mmoja akasema.

"Paka huiba, hapiki. Ni ng'ombe."

Mkewe akamimina chai, bila kukohoa. "Ongeza na hili," akasema. "Mpishi huyo hali sabuni."