Kalibu Isiyofunga

"Nyundo, uko hewani?"

Redio ilikwaruza. Royce Hostetler, ambaye kazini aliitwa Nyundo, alibonyeza kitufe.

"Niko, Bosi. Sufuria iko motoni."

"Saa nne kasorobo. Saa nane mchana lenzi zinavuka kwenda Canada. Nataka aliyezishika. Na nataka kujua kama ni Kip."

"Na mimi nataka," Royce alisema.

Alitaka kuliko kitu chochote duniani.

Jana yake, nje ya Spokane, walikuwa wamemkamata kimyakimya tarishi wa nchi ya kigeni, aliyetumwa kupokea lenzi arobaini za darubini za kijeshi zilizoibwa kiwandani. Tarishi alifunga mdomo. Ndani ya kisanduku chake cha chakula mlikuwa na kitu kimoja tu cha ajabu: kalibu kuukuu ya chuma, nusu mbili zenye mikono kama ya koleo, ya kusubia vichwa vya risasi za rivolva kwa madini yaliyoyeyushwa. Ilionekana kuwa kitambulisho. Na Kip Lindgren, jasusi wa idara ileile aliyofanyia kazi Royce, kamera ilimnasa wiki mbili nyuma akinunua kalibu ya aina ileile kwenye soko la bunduki la Kalispell.

Kip. Miaka thelathini na sita. Meno meupe. Alipewa cheo ambacho Royce alikisubiri miaka kumi na mmoja. Na tangu Machi aliishi na Renae, aliyekuwa mke wa Royce kwa miaka kumi na tisa.

Idarani hakuna aliyezijua kalibu kama Royce. Alisubu risasi zake mwenyewe tangu ujana, kwenye gereji hii hii ya nyumbani alikokuwa sasa, mlango wazi, feni ikivuma.

Alimimina madini ya moto ndani ya kalibu ya tarishi. Akafungua. Vichwa viwili vikaanguka kwenye taulo, vimekunjamana kama zabibu kavu.

Mafuta. Kuna mtu aliipaka mafuta ndani.

Aliichemsha kwa sabuni ya vyombo, akaikausha, akaifukiza moshi wa kiberiti. Akachovya kona yake kwenye madini mpaka ikapata moto. Akamimina tena.

Safari hii vilitoka laini. Lakini ubavuni vilikuwa na pezi la madini yaliyovuja, pana kama la samaki.

Nusu mbili hazifungi.

Alitafuta chembe ya madini iliyonasa katikati. Hakuna. Pini zilikuwa zimenyooka. Akasogeza taa, akafuta masizi kwa kidole gumba. Kila nusu ilikuwa imegongwa namba ndogo.

417.

683.

Royce alizisoma tena. Nusu mbili za kalibu huchongwa pamoja na kugongwa namba moja. Hakuna msubu wa Montana ambaye angezichanganya kwa bahati mbaya. Kuna mtu alizichanganya makusudi. Kwa hiyo mahali fulani ipo kalibu nyingine, yenye nusu zilizobaki. Anayeimiliki ndiye mwenye lenzi.

Alipiga simu kwa Kip. Renae akapokea.

"Royce? Kip anaoga."

"Kalibu yake iko wapi?"

"Hapa mezani. Jana tumesubu pamoja mpaka nikaunguza glovu!" Alicheka.

Miaka kumi na tisa Royce hakumruhusu aikaribie sufuria. Na hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Nisomee namba. Nusu zote mbili."

"Mia tisa na mbili. Na... mia tisa na mbili. Kuna nini?"

"Hamna."

Akakata. Namba zililingana; Kip alikuwa safi.

"Nyundo!" Redio tena. "Ni yeye? Vijana wako nje ya nyumba yake. Sema neno tu."

Neno moja. Kip ndani ya pingu, na taulo kiunoni, mbele ya Renae. Hata akiachiwa kesho, jina lingebaki na doa. Royce aliitazama picha hiyo kichwani. Aliipenda. Akaitazama tena.

"Royce, unanisikia?"

"Si yeye. Ondoa vijana. Mwenye kalibu ya pili atakuwa soko la bunduki, mahali ambapo kalibu haimshangazi mtu; umlete Kip huko, nitamhitaji."

Lilimuuma kulitamka kama jino linalong'olewa.

Saa saba na nusu. Ukumbi wa soko ulijaa kofia na harufu ya kahawa. Royce alipita meza kwa meza, kalibu mkononi.

"Inatoa pezi, mzee."

Mzee wa ndevu aliifungua, akaielekeza kwenye taa. "Unamimina ya moto mno, bwana mdogo."

Meza iliyofuata: "Umeikaza vibaya. Nani kakufundisha, mkeo?"

Kip, amesimama karibu na birika la kahawa, alicheka. Royce akasonga mbele.

Wasubu ndivyo walivyo. Mwonyeshe mmoja kalibu mbovu, atakupa ushauri hata kama hukumwomba.

Meza ya kumi na tisa alikaa mtu mwenye jaketi jipya la uwindaji.

"Inatoa pezi."

Mtu yule hakuifungua. Hakuuliza joto wala madini. Aliigeuza, akasoma namba.

"Umechelewa," akasema.

Akatoa ya kwake chini ya kitambaa. 683. 417. Kwa mguu akasukuma kreti ya makopo ya kahawa.

Royce alifungua kopo moja. Lenzi, zimeviringishwa ndani ya soksi.

Ndipo yule mtu akamwona Kip akija, mkono kwenye redio ya sikioni. Akapeleka mkono ndani ya jaketi. Glock ikachomoza.

Royce alitanua mikono ya kalibu, akaifunga kwenye vidole vya yule mtu.

Kreki!

Bastola ikaanguka. Kip akaruka meza, akamlaza mtu chini, akampiga pingu. Kazi safi. Royce alichukia jinsi ilivyokuwa safi.

"Tumempata, Bosi. Lenzi zote," Kip alisema redioni.

"Hongera sana, Kip!"

Nje, upepo ulikuwa wa baridi. Kip alimkuta Royce kwenye pikapu yake.

"Bosi kanieleza. Leo ulikuwa na uwezo wa kunimaliza, kaka."

"Ndiyo."

"Ahsante."

"Usinishukuru. Nilitaka uwe wewe." Royce aliwasha injini. "Nilitaka sana."

Akapandisha kioo, akaondoka bila kuangalia nyuma.