Chini ya Mita Tatu

Katika duka la Maliro, mjini Butembo, lenzi zote zilitazama barabara isipokuwa moja. Hiyo ndefu, nyeusi, nene kama mkono wa mtu mzima, ilikuwa imegeuzwa uso ukutani. Solange aliliona hilo akalipuuza, na yaliyomfika baadaye aliyataka mwenyewe.

Alikuwa amepata kazi ya picha za kalenda: milima, msitu, wanyama. Kuingia msituni upande wa Mabalako siku hizi, kwa ajili ya waasi, hakuna mwenye akili timamu anayethubutu, kwa hiyo alihitaji lenzi ya kuvuta vitu vya mbali huku yeye amesimama mahali salama. Maliro, ambaye hakuwa na sura ya mtu anayetaka kuuza, alimsukumia lenzi fupi ya milimita mia mbili.

"Kamata hii, mama. Iko clair, picha inatoka safi, na mutu akikuwa karibu unamuona muzuri."

"Na ile ya kule?"

"Ile ni mia sita. Inavuta mbali sana. Lakini kitu kikikuwa chini ya metre tatu, haikione."

"Mie natafuta bya mbali. Bya karibu nitafanya nabyo nini?"

Maliro aliifunga kwa gazeti huku ametazama pembeni. "Usiirudishe hapa. Mwenye aliniletea alikuwaka na bibi ya ndoa. Sasa hana."

Solange alidhani ni umbea wa mjini.

Kesho yake, kwao Beni, alipanda kilima. Mbega kama kumi walikuwa juu ya mti ng'ambo ya bonde, hawali wala hawarukiruki, wote wamekaza macho mahali pamoja chini ya miti. Akaelekeza lenzi huko huko. Ikavuma kidogo, ikatulia, kana kwamba imempata mtu. Kwenye picha yalionekana majani tu, ila katikati yalikuwa yamepinda kwa umbo la mtu aliyesimama, na umbo hilo lilikuwa limemwelekea yeye.

Alifika nyumbani saa nane mchana. Mumewe Urbain, mwalimu aliyetumwa kutoka Kisangani, alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari. Aliichukia ile lenzi tangu ilipotoka kwenye begi.

"Basoda ba jeshi bakiona ile kitu mu barabara, batasema ni silaha. Kichwa yako iko ngumu, Solange."

Miaka tisa walikuwa wakigombana hivyo, na bado Solange alimpenda mtu yule mbishi kuliko alivyowahi kumwambia. Aliweka kamera mezani, akatoa betri, akaichomeka ukutani ipate chaji.

Ndipo lenzi ilipovuma. Haikuwa na betri, lakini pete yake ilikuwa inazunguka yenyewe, na namba za umbali zilikuwa zinapita kwenye kidirisha chake cha kioo. Ikasimama kwenye thelathini. Mita thelathini kutoka pale ulikuwa mparachichi wa jirani, na kuku waliokuwa chini yake walikuwa wametawanyika. Ikavuma tena: kumi na tano. Sufuria zikagongana katika jiko la nje, na harufu ikaingia, harufu ya majani yaliyooza na manyoya yaliyoloa, ikapanda juu ya harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa asubuhi, ikajaa sebule mpaka Solange akachukua simu, akampigia Maliro.

"Iko kwa ngapi?" Maliro akauliza kabla ya salamu.

"Saba."

"Uko na nani mu nyumba?"

"Bwana yangu."

"Umutoshe inje sasa hivi. Ile kitu haitake mwenye kuangalia. Inakamataka mutu mwenye ule muangaliaji anapenda."

Alimsihi Urbain kwa sauti ya chini, akamvuta shati.

"Nitoke mu nyumba yangu juu ya objectif ya kamera?" Urbain akautoa mkono wa Solange, akaendelea kusahihisha.

Tano. Tatu. Pete ikasimama, na harufu ikakatika.

"Voilà," Urbain akasema. "Imeisha."

Solange alitamani sana kumwamini, na kwa muda mfupi akamwamini. Kisha akakumbuka maneno ya dukani: chini ya mita tatu lenzi ile haioni kitu. Akarudisha betri, akafunga kwenye kamera lenzi yake ndogo ya kupigia picha za harusi na ubatizo, ile inayoona karibu, akamwelekezea mumewe. Kwenye skrini, kile kisanduku cha kijani kinachotafuta nyuso za watu kilitua usoni mwa Urbain, kikamwacha, kikapanda nyuma ya bega lake, kikatulia hapo pasipokuwa na mtu.

"Solange," Urbain akasema, macho yakiwa kwenye daftari, "acha kunipumulia mu shingo."

Solange alikuwa upande wa pili wa meza.