Pacha Mmoja Hakuitwa

Tak, tak, tak. Kimya. Tak.

Nje kulikuwa bado na giza, lakini Chiriku aliijua sauti ile hata bila kufumbua macho. Ni vidole vya mama kwenye kompyuta, mezani jikoni. Mama alikuwa karani wa zahanati, na jioni tatu kila wiki alikwenda darasani kujifunza kuandika programu. Alfajiri ndiyo ilikuwa saa yake ya kufanya mazoezi, kabla nyumba haijaamka.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alijikokota hadi jikoni.

"Shikamoo mama. Unapika nini?"

"Marahaba. Napika chekeche," mama akacheka. "Sogea uone."

Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya watoto wote waliotakiwa kurudi kwa chanjo ya pili. Majina, tarehe, namba za kadi na za simu zilikuwa zimechanganyika kama nguo kwenye kapu.

"Nataka kompyuta izipate namba za kadi yenyewe, kisha iwatumie wazazi ujumbe," mama alieleza. "Kwa hiyo naiandikia kiolezo: tafuta K kubwa, kistari, halafu tarakimu nne. Kuna maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wenzetu, ambayo inakikompaili kiolezo hicho. Inakigeuza mara moja kuwa chekeche, halafu inapitisha mistari yote kwa kufumba na kufumbua."

"Na kama umekosea tundu?"

"Hapo ndipo ninapokuhitaji. Chekeche halina huruma, mwanangu. Hufuata matundu yake tu."

Akampa karatasi tano zenye mistari mia moja na themanini. Kila mstari ulionaswa ulikuwa na nyota pembeni. "Wenye nyota, weka alama ya vema. Usio na nyota, uzungushie duara. Upitie mmoja mmoja. Macho yangu yameshachoka kuuona uandishi wangu mwenyewe."

Jua lilipopanda Jumamosi hiyo, mama alikwenda kazini. Chiriku alimaliza karatasi ya kwanza: nyota, nyota, nyota. Ya pili pia, nyota tupu. Alipoianza ya tatu, kamba ya kurukia ikaanza kupiga chini uani, na rafiki zake wakaita, "Chiriku! Au umegeuka kuwa karani?"

Akatazama karatasi zilizobaki. Zote si zilezile tu? Akashusha alama za vema kutoka juu hadi chini, harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akatoka mbio.

Saa sita mama alipitia nyumbani kuzichukua. "Umekagua zote?"

"Zote, mama."

Mama akambusu kwenye paji la uso, akaenda kutuma ujumbe.

Jumatatu, Chiriku alipitia zahanati baada ya shule kama kawaida yake. Mlangoni alimkuta jirani yao, Mama Mapacha, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, simu mkononi.

"Karani, hebu nisaidie," alimwambia mama huku akicheka. "Ujumbe umemwita huyu wa mgongoni peke yake. Huyu mwingine niambieni, nilimwokota?"

Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alifungua orodha kwenye kompyuta, akalinganisha namba za kadi za wale mapacha, uso wake ukanywea. Ya mmoja iliingizwa kwa K kubwa na kistari. Ya mwingine, iliyoingizwa na nesi mgeni, ilikuwa na k ndogo bila kistari.

"Yuko kwenye karatasi ya nne," alinong'ona. "Na karatasi ya nne ilikaguliwa. Basi sijui tena kilichoharibika."

Mganga mkuu alitoka chumbani kwake. "Wangapi wengine hawakuitwa? Sanduku la chanjo linarudishwa kesho saa sita. Karani, nadhani mambo haya ya kompyuta tuyaache. Turudi kwenye daftari."

Mama aliinamisha kichwa. Chiriku alizikumbuka zile tak, tak za alfajiri, miezi yote ile. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini yule pacha wa kifuani alikuwa akimtazama kwa macho makubwa meupe.

"Daktari, si kompyuta," alisema. "Ni mimi. Nilikagua karatasi mbili tu. Zilizobaki niliweka vema bila kusoma."

Mama akavuta kiti. "Kaa hapa. Nisomee kuanzia ya tatu. Pole pole."

Mstari kwa mstari, Chiriku alizungusha duara. Yakafika ishirini na matatu, yote ya nesi mgeni.

"Kuna swichi sikuiwasha," mama alisema, vidole vikikimbia. "Isijali herufi kubwa wala ndogo. Na kistari kiwepo au kisiwepo, sawa. Ila kiolezo kikishakompailiwa hakibadiliki, nakitengeneza upya." Akabonyeza. Nyota zikajaa hadi mstari wa mwisho, na ujumbe ukatoka. Kesho yake, kabla ya saa sita, watoto wote ishirini na watatu walikuwa wamechanjwa. Mganga mkuu hakulitaja daftari tena.

Njiani kurudi nyumbani, mama alimshika mkono.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu, na si aibu. Ndiyo maana kazi hukaguliwa. Lakini alama ya vema ya uongo, mwanangu, huwaziba macho wote wanaokuja nyuma yako. Mimi nilikuamini wewe, mganga akaniamini mimi, na Mama Mapacha akatuamini sote. Kazi nusu inayosemwa ni nusu, mtu ataimalizia. Inayosemwa ni nzima, nani ataigusa?"

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na orodha nyingine. Kamba ilipiga uani, rafiki wakaita. Mama akachungulia mlangoni, mkoba begani.

"Umekagua zote?"

Chiriku aliweka kidole chake kwenye karatasi kisipotee.

"Nimefika mstari wa arobaini na mbili tu, mama."