Nyuzi Chini ya Shati la Sisouk

"Leta mkono, mwanangu. Barabara imefunguliwa, lakini sikuruhusu uondoke roho yako ikabaki kwangu."

Mama Onsi, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa ameshanifunga uzi wangu mweupe wa kushika roho, kwenye kifundo cha mkono. Maporomoko ya udongo yalitukwamisha kwake tangu jana mchana, mimi na mchumba wangu Sisouk na pikipiki yake. Sasa ilikuwa zamu ya Sisouk, naye akaficha mikono mgongoni.

"Mimi niache, mama. Tunachelewa."

"Uzi mmoja tu utakuchelewesha?" nikamrukia. "Baba kaalika ukoo mzima Muang Sing waje kumwona mkwe. Wewe unaogopa uzi?"

"Malivanh, usinianze."

Tangu tutoke Luang Prabang hakuwa ametulia hata dakika. Simu kaigeuza uso chini. Joto lote lile, yeye na shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, eti jua linamchoma. Hata kulala kalala nalo, eti mbu!

Mama Onsi si mtu wa kubembeleza. Akamdaka mkono, akakunja shati.

Nyuzi! Nyeupe pee, zaidi ya ishirini, safi kabisa.

"Hizi hazijamaliza siku tatu za kutokatwa," Mama Onsi akasema. "Nani kakufunga?"

"Mama yangu. Kuniombea safari."

"Mama mmoja, nyuzi zote hizi? Usinifanye mtoto. Hizi ni za karamu. Ama umeoa juzi, ama umepata mtoto."

Simu ikatetemeka mezani, kando ya kikapu cha wali wa kunata. Nikaiwahi kabla yake. Ujumbe ulikuwa juu kabisa ya kioo:

"Baba Noy, mwanao ananyonya vizuri leo. Usikate nyuzi zake, bado kesho. Tunakupenda."

Nikamgeuzia kioo.

"Uliniambia hujaoa."

"Nilitaka kukueleza..."

"Lini? Baba akishatubariki?"

"Nakupenda wewe, Malivanh! Naapa!"

"Mbona hukuzikata, basi? Ungezikata nisingejua kitu."

Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Mtoto angeugua."

Hapo ndipo niliposikia maumivu hasa. Kumbe mtu huyu anajua kuogopa! Kwa mwanawe aliogopa. Mimi alikuwa ananipeleka mbele ya baba yangu mzazi na uongo, na wala hakutetemeka.

Mama Onsi alikuwa bado kashika uzi wake. "Nimfunge, nisimfunge?"

"Mfunge, mama. Roho yake irudi kwa mkewe."

Nje lori dogo la kabichi lilikuwa linapasha injini. Nikachukua begi langu.

"Malivanh, panda pikipiki tuongee!"

"Panda wewe, ugeuze. Na mpigie mama Noy, anasubiri jibu."

Njia nzima nilikaa juu ya kabichi, nikishindwa kutulia, nikishindwa kulia. Jioni nikamkuta baba amesimama kwenye ngazi, shati jipya, ndugu wamejaa nyuma yake.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Nikainua mkono wenye uzi mmoja.

"Ana kwake, baba. Mimi nimerudi."

Baba akautazama ule uzi. Akashuka ngazi, hakuuliza la pili, akanikumbatia. Ndipo nilipolia, mbele ya ukoo mzima.