Kisima cha Nyuma ya Gereji

Kila asubuhi Mzee Spana alifungua gereji yake, akawasha redio, akakaa kwenye kiti kilichong'olewa garini. Zamani redio hiyo haikusikika. Majirani walijaa kisimani, nyuma ya gereji, wakichota maji na kupiga soga. Mama Pacha wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote.

"Fundi, leo umeoga au umejipaka grisi?" aliuliza kila siku. Watu walivunjika mbavu, na mke wa fundi ndiye aliyecheka zaidi.

Mke huyo alifariki miaka miwili iliyopita. Kisima kilikuwa wazo lake, na alitaka kila mtu achote bure. Baada ya mazishi, Mzee Spana alibaki na watu wa ndoo tu. Hao ndio waliomjulia hali.

Kisha maji yakaanza kunuka. Yalikuwa na utando unaong'aa juu. Watu waliyachemsha, lakini harufu haikutoka. Wakaacha kuja, mmoja mmoja. Sasa redio ilisikika vizuri sana, naye aliichukia.

"Ni kile kituo cha mafuta," alimwambia kila mwenye gari. "Matangi yao yanavuja. Wamenifukuzia watu wangu."

Akaenda kulalamika ofisi ya mazingira. Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja mwenye buti na kisanduku cha barafu. Alikuwa mtafiti wa kemia ya udongo na maji. Mzee Spana alifurahi kupata mgeni. Akamletea chupa tupu ya soda, ameiosha mwenyewe.

"Asante, mzee wangu, ila ya plastiki haifai," alisema mtafiti. "Plastiki nayo imetengenezwa kwa mafuta. Itanivurugia majibu."

Akajaza chupa za kioo. Akatazama uani, akauliza, "Na oili chafu ya magari unaipeleka wapi?"

"Si namwaga hapo hapo. Inatuliza vumbi, na mchwa hawagusi nguzo za uzio. Ardhi inaichuja. Mwaka wa ishirini huu."

Mtafiti akachota na udongo wa pale. Halafu akaenda kituoni kuchukua mafuta yao kidogo.

Alirudi baada ya wiki tatu na karatasi yenye mistari mitatu, ya kupanda na kushuka.

"Kila aina ya mafuta ina alama zake, kama alama za vidole vya mtu," alisema. "Mstari huu ni mafuta ya kituo. Huu ni maji ya kisima. Na huu ni udongo wa uani kwako."

Mzee Spana akavaa miwani. Mstari wa kisima na mstari wa ua wake ilifanana kabisa. Wa kituo ulikuwa mbali nayo.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulikuwa hujui, mzee wangu. Udongo hauchuji oili. Unaishika tu. Ukishashiba, mvua inaisukuma chini mpaka kwenye maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi mafuta. Maji haya yasinywewe wala yasipikiwe."

"Nifanye nini?"

"Funga kisima. Oili chafu weka kwenye pipa lenye kifuniko, wanaoisafisha watakuja kuichukua. Ikimwagika, nyunyizia maranda ya mbao, uyazoe. Usiifagilie mtaroni. Udongo huu mchafu tutakuja kuuchimba na kuuondoa."

"Na majirani?"

"Hilo ni lako."

Mzee Spana alikaa peke yake mchana kutwa. Angenyamaza, wangeendelea kulaumu kituo. Akisema, labda asingesalimiwa tena. Jioni alikwenda kituoni kuomba radhi. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe," alisema, akafunga mlango.

Siku tatu hakuja mtu. Mzee Spana aliweka mfuniko na kufuli kisimani, akaandika kwa rangi: USICHOTE. KOSA NI LA FUNDI. Akanunua pipa. Hakuwa amewahi kuwa mpweke namna ile, hata siku za msiba.

Asubuhi ya siku ya nne alisikia hatua. Mama Pacha alikuwa na ndoo kichwani, imejaa maji ya bomba la mtaa wa pili. Akaitua mbele yake.

"Kisima umefunga, gari la kubebea maji huna. Unakunywa nini? Grisi?"

Mzee Spana akachota kikombe, akanywa.

"Nimekukasirikia, na bado," alisema Mama Pacha. "Lakini ungeweza kutudanganya, hukutudanganya. Hebu nionyeshe hilo pipa. Shemeji yangu naye ana gereji, naye anamwaga chini."

Udongo mchafu ulichimbwa mwezi huo. Mtafiti hurudi kila baada ya miezi mitatu na chupa zake, na kila mara mafuta yamepungua. Kufuli bado liko, mpaka atakaposema maji ni salama. Lakini asubuhi ile ya ndoo, Mama Pacha alivuta kiti kingine cha gari, akakaa, akaanza maneno yake. Mzee Spana akanyoosha mkono, akazima redio.