Baiskeli ya Kampire

Wazazi wangu, ndugu na majirani, naomba mnipe masikio yenu. Ninayotaka kuwaeleza yalitokea kwetu Karagwe, katika kitongoji kimoja kati ya Rugu na Nyakasimbi, mwaka 1995. Jina la kitongoji nitalihifadhi, kwa sababu watoto wa waliohusika bado wanaishi pale, na wao hawana kosa.

Jumamosi asubuhi nyumba ya Projest ilipendeza kuitazama. Kahawa imeanikwa uani, moshi wa jikoni unapita taratibu juu ya migomba, na kwenye baraza ya nyumba Kampire, dada yake Projest, anazungusha cherehani yake ya mkono. Wanawake wamemzunguka wakisubiri nguo zao. Wengine ni wa kitongojini, wake wa wakulima wenye vibanja vya ndizi. Wengine ni wakimbizi wa Rwanda kutoka kambi iliyokuwa ng'ambo ya bonde, wamekuja na magauni yaliyochanika. Wote wanangoja kwenye jamvi moja.

Kampire alipata polio kabla hajaanza kutembea. Miguu yake ilisinyaa, akakua akitembea kwa mikono, kandambili zikiwa viganjani. Baba yake alikuwa Mnyambo wa kwetu Karagwe, na mama yake alikuja kutoka Rwanda akiwa msichana, katika vurugu za zamani. Kwa hiyo Kampire alizungumza Kinyambo, Kinyarwanda na Kiswahili. Walikuwapo wengine pale kitongojini waliokijua Kinyarwanda, lakini tangu kambi ijae walikificha, wasije wakaitwa wakimbizi. Kampire hakukificha.

Utulivu ule haukudumu. Watu wa kambini walihitaji kuni, miti ya wenyeji ikakatwa. Mbuzi walipotea. Mikungu ya ndizi ilikatwa shambani, na kila iliyokatwa ilisemwa ni wao, hata ile iliyokatwa na vijana wetu wenyewe. Watu wawili walijeruhiwa kwa panga kisimani. Ndipo wazee wa pande zote mbili walipokubaliana kukutana shuleni kila wiki, kuzungumza kabla ya kupigana. Mkutano ule tuliuita Baraza la Suluhu.

Baraza la kwanza lilivunjika kwa matusi, kwa sababu hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mwanamke mmoja wa kambini, Anonciata, alisimama akasema, "Kule kwa fundi wa nguo tunaelewana. Kwa nini yeye hayupo hapa?"

Watu wakatazamana. Shule ilikuwa juu ya kilima. Nani angempandisha Kampire? Wiki iliyofuata kaka yake alimbeba mgongoni, akafika akiwa amelowa jasho na amekasirika, na Kampire akakaa chini mlangoni kama mzigo, sketi imejaa vumbi, akitafsiri huku ameinamisha uso. Baada ya hapo alikataa kubebwa.

"Mimi ni mtu mzima," alisema. "Nikifika kwa aibu, nitasemaje mbele za watu?"

Hapo ndipo kitongoji kilipofanya jambo jema, na sitaki tulisahau kwa sababu ya mabaya yaliyokuja baadaye. Polikarpi, seremala wetu, alitoa mbao za mkaratusi. Kutoka kambini akaja Sibomana, aliyekuwa fundi wa baiskeli huko kwao. Alikaa muda mrefu akimtazama Kampire anavyozungusha cherehani, kisha akasema, "Mama huyu mikono yake ina nguvu kuliko miguu yangu. Tumpe baiskeli ya kuzungusha kwa mkono."

Mmoja alitoa gurudumu, mwingine cheni. Mama mmoja wa kambini alishona mto wa kukalia kutokana na gunia. Breki ilikuwa kipande cha tairi. Wanaume wa pande zote mbili walisomba mawe, wakajaza udongo mbele ya ngazi za darasa mpaka ukawa mteremko ambao gurudumu lingeupanda. Walipoona inawezekana, wakafunga na kamba ya katani kutoka barabarani hadi mlangoni, ili mzee Leonidas, aliyekuwa kipofu, aje mwenyewe akiishika. Hatukuletewa kitu na mtu yeyote kutoka mbali. Tulitengeneza kwa mikono yetu.

Siku Kampire alipopanda kilima kile akizungusha pedali kwa mikono, wanawake walipiga vigelegele kwa lugha zote. Alikaa usawa wa macho na wenzake. Nakumbuka shauri la Methodius, mkulima aliyekatiwa mti wa mpaka.

"Mwambie huyu mama ni mwizi!" Methodius alifoka, akimwonyesha Anonciata kidole.

Kampire alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Anonciata akajibu, naye Kampire akasema kwa Kinyambo, "Anasema ni kweli aliukata. Mtoto alikuwa mgonjwa, na hapakuwa na kitu cha kuchemshia uji. Anaomba msamaha, na mume wake Theoneste atakuja kukulimia mpaka utakaporidhika."

Methodius akakuna kichwa. "Kumbe angesema."

"Alisema, waitu, ndugu yangu," Kampire akamjibu. "Ni wewe uliyekuwa hujamsikia."

Watu wakacheka, Methodius pia. Theoneste alilima vizuri, na ilipokwisha kazi ile Projest akamchukua kuwa kibarua wake. Miezi ikapita bila damu.

Sasa sikilizeni jinsi tamaa inavyoingia nyumbani, maana haipigi hodi.

Kambi ilikuwa na watu wengi, na watu wengi hula. Malori yalianza kuja barabara ya Omurushaka kununua ndizi. Projest alikuwa na ndizi nyingi, ila kibanja chake kilikuwa mbali na barabara. Siku moja aliitazama baiskeli ya dada yake, imeegemea ukuta.

"Dada, leo si siku ya baraza. Niazime nipeleke mikungu michache."

Kampire akampa. Nani angemnyima kaka yake? Lakini siku hiyo moja ikawa siku zote. Mto wa gunia ulitolewa, pakapigiliwa ubao wa kupakilia. Mbao zikaanza kulegea. Kampire alitaka kwenda kanisani, baiskeli ikawa haipo. Wanawake wa kambini walimwita akamtafsirie mwenzao aliyekuwa akijifungua, baiskeli haipo.

Mke wa Projest, Placidia, aliliona hilo. Alisema mbele yangu, "Baba watoto, hiyo ni miguu ya wifi yangu. Unamkata miguu kila siku."

"Miguu gani?" Projest akacheka. "Ni mbao na magurudumu. Tena anakula ndizi zangu."

Kampire aliyasikia. Aliendelea kuzungusha cherehani, lakini niliona sindano ikipita palepale mara nyingi, nguo haisogei.

Siku ya msiba ilikuwa siku ya baraza, na lilikuwa baraza zito. Wiki ile shamba la Methodius lilikuwa limeingiliwa, mikungu yake mizuri ikakatwa. Watu walikuwa na hasira. Asubuhi Kampire alimwambia kaka yake, "Leo usiiguse. Leo nikikosekana, watu wataumizana."

"Lori linaondoka mapema," Projest alijibu. "Theoneste atapeleka ndizi mara moja tu, nawe utaletewa baiskeli kabla watu hawajakusanyika."

"Kaka, nakuomba."

"Nimesema utaletewa."

Akatangulia barabarani kulizuia lori. Huko akakutana na wenzake, wakakaa kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Placidia alikuwa bondeni akipalilia maharage. Kampire alivaa gauni lake safi, akakaa kwenye baraza ya nyumba kungoja.

Theoneste alipakia baiskeli mpaka ikalia, akaanza kuisukuma kwa njia fupi, ile inayopita shuleni. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa kambi, kwa hiyo Sibomana na wajumbe wenzake walikuwa wamechelewa. Pale shuleni walikuwapo wenyeji peke yao, wamekasirika, wanauliza Kampire yuko wapi. Ndipo wakaiona baiskeli inakuja. Haina Kampire. Imejaa ndizi. Anayeisukuma ni mtu wa kambini.

"Ndizi zangu!" Methodius akapiga kelele. "Na baiskeli ya Kampire! Kampire yuko wapi?"

Theoneste alikuwa na maneno machache ya Kiswahili. Alitaka kusema kwamba Kampire hakuja, yuko nyumbani. Akasema, huku anatabasamu kwa hofu, "Kampire hapana. Kampire hapana."

Watu wakasikia kwamba Kampire hayupo tena duniani.

"Wamemuua!" mtu akalia. Yowe likapigwa. Theoneste akaanza kujieleza kwa Kinyarwanda, haraka haraka, akilitaja jina la Projest. Walikuwapo pale watu waliomwelewa. Mimi nawajua. Walinyamaza, kila mmoja akiogopa kuhesabiwa upande wa kambi. Mzee Leonidas alipiga kelele kutoka mlangoni, "Mwacheni! Mwacheni kwanza tuulize!" Nani alimsikiliza mzee kipofu? Fimbo ya kwanza ilikuwa ya Methodius. Zilizofuata hazikuwa na mwenyewe.

Kampire alilisikia yowe akiwa bado pale nyumbani. Alivaa kandambili mikononi, akashuka. Alipita kwenye mibuni, akavuka mfereji, akaanza kupanda kilima kwenye tope la mvua. Kandambili moja ilikatika njiani. Akaendelea kwa kiganja kitupu juu ya changarawe.

Watu walipogeuka, walimwona akitokea kwenye majani, gauni limechanika, mikono inatoka damu. Yu hai.

Ndugu zangu, mimi sikuwapo pale, ila waliokuwapo walinisimulia. Fimbo zilianguka zenyewe. Njia ikafunguka mpaka alipolala Theoneste, na Kampire akajivuta mpaka kwake, akamshika kichwa, akamsemesha kwa Kinyarwanda. Theoneste alijibu maneno mawili matatu. Kisha hakujibu tena.

"Amesemaje?" Polikarpi aliuliza.

"Ameniuliza kama nimekasirika kwa sababu amechelewesha baiskeli."

Wakati huo wajumbe wa kambi wakafika, na nyuma yao wanaume wengi waliolisikia yowe, wana fimbo na mawe. Projest naye akafika kutoka barabarani. Aliona ndizi zake zimetapakaa, akaelewa yote. Akainama kwenye sikio la dada yake.

"Dada, nyamaza. Sema hujui. Nina watoto."

Kampire alimtazama. Kisha akainua sauti, akasema kwa Kinyambo, na baada yake kwa Kinyarwanda, ili mtu yeyote asije akasema hakusikia:

"Ndizi hizi ni za kaka yangu Projest. Baiskeli ni yangu, alinichukulia kaka yangu. Marehemu alitumwa. Hakuiba, hakuua. Ameuawa yeye pamoja na ukweli, na waliomuua ni watu wetu. Mkitaka kulipiza, anzeni na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempa kaka yangu baiskeli siku ya kwanza."

Sibomana alipiga magoti kando ya mwili, akalia kwa sauti. Wanaume wa kambi walisimama na mawe yao. Hakuna aliyerusha. Baadaye wengi walisema wangekuwa wameteketeza kitongoji kizima, lakini walikuja kutafuta uongo wa kupigana nao, wakakuta wameambiwa ukweli.

Theoneste alizikwa nyuma ya shule, na polisi walimchukua Methodius na wengine. Projest hakufungwa, ila watu waliacha kumsalimia. Mtu akisema "habari" pale kwetu huitikiwa hata na adui, lakini yeye alipita kimya na kupitwa kimya. Alianza kulewa kutwa. Placidia akachukua watoto, akarudi kwao Kimuli. Kabla ya mwaka kwisha Projest aliuza kibanja cha baba yake, akaenda asikojulikana. Mnunuzi alimwachia Kampire chumba kimoja cha nje kwa huruma. Sibomana na Polikarpi waliitengeneza upya ile baiskeli, wakairudishia mto wake. Baraza likaendelea, dogo, la watu wachache wanaozungumza chini chini. Lakini halikuvunjika.

Mwishoni mwa 1996 watu wa kambini walirudi kwao. Asubuhi moja Anonciata alimjia Kampire, mtoto mgongoni, mzigo kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema. Sasa alikuwa amejifunza Kiswahili chetu.

"Marahaba, mwanangu."

Akatua mzigo, wakakaa. Kisha Anonciata akageukia lugha yake. "Mimi naondoka, na Theoneste anabaki peke yake pale nyuma ya shule. Huku hana mtu wa kumsemesha kwa lugha anayoielewa. Ukipata nafasi, upite umsalimie."

Kampire aliahidi. Mpaka uzee ulipomlegeza mikono, kila alipokwenda kwenye Baraza la Suluhu alikwenda mapema kuliko wenzake. Alisimamisha baiskeli kando ya kaburi, akamsalimia Theoneste kwa Kinyarwanda, akamweleza habari za mvua na za mavuno. Kisha akaingia darasani kuwasikiliza walio hai.

Funzo

Chombo cha mlemavu ni kiungo cha mwili wake. Anayekichukua, hata kwa kuazima, hata akiwa ndugu, amekichukua kiungo, na pengo analoliacha halimwangukii mlemavu peke yake. Kitongoji chetu kilikuwa na akili ya kutengeneza baiskeli, mteremko na kamba. Hakikuwa na moyo wa kuvilinda. Tukadhani kazi imekwisha siku ile ya vigelegele.

Tena, wazazi wangu, tujue kwamba amani isiyomngoja asiyeweza kutembea, isiyomsikiliza asiyeona, isiyomwelewa asiyejua lugha yetu, bado haijawa amani. Ni hasira iliyopumzika. Na wewe unayeielewa lugha ya mnyonge, usinyamaze kwa kuogopa kuhesabiwa upande wake. Siku ile watu wawili watatu wangesema neno moja tu, "Yuko nyumbani," na Theoneste angerudi kwa mkewe jioni.