Utulivu wa Dorothy

Majirani zangu, mnaifahamu nyumba ya marehemu Erastus kule Butali. Baada ya mazishi, mkewe Dorothy na mama mkwe wake, Nanjala, walikuwa wakiketi nyuma ya jikoni kila jioni wakichambua mboga ya mrenda. Nanjala alisimulia utoto wa mwanawe, jinsi alivyoogopa bata. Dorothy alicheka, akalia, kisha wakasonga obusuma, yaani ugali, wakala.

Lakini usingizi ulimkataa Dorothy. Bintiye Christine, anayefanya kazi Kakamega mjini, akamletea miwani nzito inayofunika macho na masikio. Ukiivaa, unajiona umeketi msituni kando ya kijito, na sauti ya akili mnemba inakuongoza kupumua polepole na kutuliza mawazo.

"Kukhu, jaribu nawe," Christine alimwambia nyanya yake.

Nanjala alichungulia akaitoa. "Msitu gani hauna nyani? Na huyu ananiambia nipumue. Kwani nimekuwa nikifanya nini miaka hii yote?"

"Wakati wa kulala tu, Mama, halafu uiweke," Christine alimsisitizia Dorothy.

Nisifiche, ilisaidia. Dorothy alilala. Kisha akaivaa na mchana, kisha na jioni. Sauti ile haikuchoka wala haikulia. Wanawake wa kanisani walimkuta amefunikwa uso, wakadhani analia. Kwa heshima, wakaenda zao.

Jioni moja Nanjala alimgusa goti. "Mama Christine, nimemwota Erastus."

Dorothy aliinua miwani kidogo. "Ngoja nimalize, Mama. Nikikatizwa naanza upya."

"Sawa. Maliza."

Nanjala hakuitaja tena ndoto hiyo. Chakula nacho akaanza kukiacha. Binti yake aliyeolewa Butere alipomwona alivyokonda, akamchukua kwake. Dorothy alipovua miwani siku hiyo, alikuta kitanda cha Nanjala kitupu. Jirani yao Wanyonyi ndiye aliyemweleza: "Bibi amekuaga mlangoni mpaka nikamsikia nikiwa shambani. Wewe hukusikia?"

Dorothy akafunga safari hadi Butere.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

"Niko mimi."

"Hata siku zile ulikuwako," Nanjala alisema bila hasira. "Nilikuitanga."

"Basi niambie ile ndoto."

"Imeshapotea, mama. Wazee tunasahaunga."

Walikaa pamoja mpaka chai ikapoa. Nanjala alikataa kurudi. Alirudishwa Butali kabla miwa ya mwaka huo haijakatwa, akazikwa kando ya mwanawe.

Funzo

Kifaa cha kutuliza moyo si kibaya, na aliyekosa usingizi asione haya kukitumia. Lakini msiba wa nyumba moja hauna mfiwa mmoja. Kabla hujaziba masikio ili upate amani, tazama ni nani mwingine hapo nyumbani hajalala. Dorothy alipoteza mume. Nanjala alipoteza mtoto. Mmoja alipata wa kumtuliza. Mwingine alihitaji tu mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo alikuwa ameketi karibu naye.